Lita Moja Kila Safari

Sindano ya geji ilifika nne ikakataa,
pale Nyakato, saa tatu na robo usiku,
tani ishirini na nane za mashudu mgongoni
na magurudumu ya nyuma yamejifunga kama ngumi.
Ndivyo lilivyo gari la upepo:
likiishiwa pumzi halikimbii ovyo,
linang'ang'ania ardhi.

Haule akampigia tajiri.
Tajiri, kitandani kwake Kahama, akasema kompresa imekufa,
nunueni nyingine, na hela hiyo utailipa wewe.
Mimi utingo nilishuka kuweka mawe kwenye matairi.
Mwanza, mawe huombi.

Fundi Ngolelwa alikuja kwa bodaboda,
mkoba wa spana begani, kitenge juu ya ovaroli.
Hakufungua hata nati moja.
"Washa," alisema. "Sasa nyamazeni."
Alilizunguka gari ameinamisha kichwa
kama mtu aliyesikia mtoto analia nyumba ya jirani.
Kisha akataka sabuni ya unga na kopo la maji,
akapaka kila kiungo, kila mpira, hadi maungio ya tela.
Povu lilitulia. Halikutoa hata jicho moja.
"Upepo hauibiwi njiani," alisema.
"Basi ama hautengenezwi, ama unazuiwa mlangoni."

Alizima injini, akakinga ndoo, akavuta kamba ya mtungi wa kwanza.
Nilitegemea maji kidogo.
Ikatoka chai ya maziwa, nzito, inanuka kuungua.
Akachovya kidole, akakisugua kwa dole gumba,
akamtazama Haule.
"Injini inakula oili?"
"Haili."
Wadudu wa ziwani walikuwa wameivamia tochi,
wanatuingia masikioni, puani.
"Mficha maradhi," alisema Ngolelwa,
na hakumalizia.

Alifungua bomba la chuma linalotoka kichwani mwa kompresa,
akachukua spoku ya baiskeli, akaisukuma ndani.
Iliingia urefu wa kidole, ikagoma.
Masizi. Magumu kama ukoko uliosahauliwa jikoni,
tabaka juu ya tabaka, mwezi juu ya mwezi,
mpaka tundu la kupitisha dole gumba
limebaki la njiti ya kiberiti.
Sikuhitaji kuelezwa.
Kompresa ilikuwa hai.
Ilikuwa inapumua huku imebanwa mto usoni.

Ndipo Haule akakaa kwenye tairi la akiba.
"Lita moja," alisema. "Kila safari naongeza lita moja,
kwa hela yangu, tangu Pasaka.
Ningemwambia, angesema naiuza.
Ameshamfukuza mtu kwa oili."

Ngolelwa hakumpa pole. Alimpa koleo
alishike bomba wakati yeye analichoma kwa gesi
mpaka likawa jekundu. Akaligonga.
Masizi yakadondoka vipandevipande, yakifuka moshi.
"Ringi zimechoka," alisema, macho kwenye kazi.
"Oili inapenya, inaungulia humu, inakaba humu humu.
Nimekuzibulia njia tu. Singida utafika.
Usirudi bila ringi mpya."

Saa nane tukawasha.
Tano. Sita. Sindano ilipanda
kama mgonjwa anayejaribu ngazi siku ya kwanza.
Saba. Saba na nusu, ikasita, nikasita nayo.
Nane.
Gavana ikakohoa chini yetu, tsaa!
na mbwa wa mtaa mzima wakajibu.
Magurudumu yakafungua ngumi, moja, moja.

Hakuna aliyeshangilia. Ngolelwa alikuwa amechuchumaa kwenye ndoo,
anaimimina ile chai katika chupa tupu ya maji,
polepole, hadi shingoni.
Akakaza kizibo, akaandika tarehe kwa chaki ya matairi,
akaisimamisha kwenye dashibodi.
"Mpelekee tajiri oili yake."

Tulipofika Misungwi kulikuwa kunapambazuka.
Ndani ya chupa maji yalianza kujitenga chini,
oili juu, na mstari mwembamba katikati.
Kila alipokanyaga breki
Haule aliutazama ule mstari kwanza,
kisha geji.